Baba ana saratani ya pafu, na sukari, na presha: aanze matibabu au aachwe apumzike?

Msomaji wa Wete, Pemba, anauliza: "Baba yangu ana miaka 68. Amerudi kutoka Dar es Salaam na majibu ya kinyama kilichokatwa: saratani ya pafu la kulia, aina isiyo ya seli ndogo, daraja la tatu. Wamependekeza dripu za dawa za saratani na mionzi. Lakini baba ana sukari mwaka wa 12 sasa, ana presha, aliwahi kutibiwa kifua kikuu, na kifua kinamlia kwa sigara alizovuta miaka mingi, na mpaka leo anavuta moja moja. Kaka yangu mkubwa anasema kwa maradhi yote hayo dawa za saratani zitammaliza, bora tumuache nyumbani. Mimi namuona bado anakwenda msikitini kwa miguu. Je, maradhi haya mengine yanampunguzia umri kweli, na kwa kiasi gani?"

Dada yangu, ndiyo, yanapunguza. Mwenye saratani ya pafu pamoja na maradhi mengine kwa jumla huishi muda mfupi kuliko mwenye saratani peke yake. Lakini kaka yako anayahesabu tu, na idadi haisemi mengi. La kujua ni yepi kati ya hayo yanayomzuilia baba matibabu, na kama kizuizi hicho kinaweza kuondolewa kabla ya dripu ya kwanza. Kwa maelezo uliyoyaleta, sehemu kubwa inaondoleka, na wiki mbili tatu za kabla ya matibabu ndizo za kazi hiyo.

Madaktari wana kipimo cha kuyapa alama maradhi yanayoandamana, kilichotungwa na Mary Charlson na wenzake huko Marekani mwaka 1987. Sukari isiyo na madhara bado ina alama 1. Ikishaharibu figo, macho au mishipa ya fahamu inakuwa 2. Ugonjwa sugu wa njia za hewa ni 1, moyo kushindwa kusukuma damu ni 1, figo zilizoharibika sana ni 2. Presha peke yake haina alama hata moja, na kifua kikuu kilichopona hakimo kabisa. Kwa hiyo katika yale manne mliyoyaorodhesha nyumbani, yanayopewa uzito ni mawili: sukari na kifua.

Uzito huo nao unategemea daraja la saratani. Kwenye daraja la kwanza, ambapo uvimbe unaweza kukatwa ukaisha, maradhi mengine yana sauti kubwa sana, kwa sababu mgonjwa anaweza kupona saratani akaja kufa kwa moyo au kwa kifua. Kwenye daraja la nne saratani yenyewe ndiyo inayoamua mambo, na sukari ya wastani haibadilishi sana. Baba yuko katikati. Daraja la tatu lina tiba inayolenga kuondoa ugonjwa, lakini tiba hiyo ni nzito, na maradhi mengine yanaua hasa kwa kumfanya mgonjwa aikose, aipate nusu, au aikatize njiani.

Tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2010 zililinganisha dripu na mionzi vikitolewa kwa wakati mmoja, na dripu ikitangulia kisha mionzi ikafuata. Baada ya miaka 5, katika kila wagonjwa 100 waliopewa vyote pamoja, kama 15 walikuwa hai. Waliopewa kimoja baada ya kingine, kama 11. Lakini walioungua koo la chakula vibaya waliongezeka kutoka 4 hadi 18 katika kila 100. Usizikwepe nambari hizi, ingawa ni nzito kuzisoma. Zinaonesha kuwa ikiwa mwili wa baba hautahimili vyote kwa pamoja, kuna njia ya pili isiyo mbali sana na ya kwanza. Baina ya tiba kamili na kumuacha nyumbani pana hatua nyingi.

Umri wake usikutisheni. Mwaka 2011 madaktari wa Ufaransa walitoa matokeo ya wagonjwa 451 wenye miaka 70 hadi 89, waliokuwa na saratani ya pafu iliyosambaa. Waliopewa dawa mbili kwa pamoja waliishi miezi 10.3 kwa wastani wa katikati, yaani nusu yao walivuka hapo, na waliopewa moja miezi 6.2. Wazee wale walichaguliwa kwa nguvu zao. Na hapo ndipo lile ulilolisema la msikitini lina maana kubwa kuliko unavyodhani.

Kuna ngazi inayoitwa ECOG, ya kupima uwezo wa mgonjwa. Sifuri ni anayefanya kila kitu kama zamani. Moja ni anayetembea na kufanya kazi nyepesi, ila kazi nzito imemshinda. Mbili anajihudumia mwenyewe, hawezi kazi, na zaidi ya nusu ya saa anazokuwa macho hayuko kitandani. Tatu amelala au amekaa zaidi ya nusu ya mchana. Nne hainuki. Anayekwenda msikitini kwa miguu, akaoga na kuvaa mwenyewe, yuko kwenye moja, na hapo dripu kwa kawaida huleta faida kuliko madhara. Kwenye tatu na nne mara nyingi huwa kinyume chake. Mwambieni daktari mambo anayoyafanya kwa siku, saa kwa saa, maana "anajitahidi" haimsaidii daktari kuamua.

Sasa figo, na hapa ningependa mkae kidogo, kwa sababu ndipo mgonjwa wa sukari anapoumizwa bila mtu kujua. Dawa kongwe ya dripu kwa saratani hii ni sisplatini. Inachoma figo, inadhoofisha masikio na mishipa ya fahamu ya miguu, na kuitoa kunahitaji maji ya chumvi ya dripu lita 2 au zaidi. Kwa kawaida hutakiwa figo ziwe zinachuja mililita 50 hadi 60 kwa dakika, na wengi husimamia 60. Shida ni kwamba karatasi ya maabara huandika kreatinini tu, yaani taka ya misuli inayochujwa na figo, na kwa mzee aliyekonda kreatinini hudanganya. Chukulia mwanamume wa miaka 68, kilo 52, kreatinini mikromoli 110 kwa lita, ambayo maabara nyingi haziiwekei alama ya hatari. Toa 68 kwenye 140, inabaki 72. Zidisha kwa 52, kisha kwa 1.23, gawa kwa 110. Unapata 42. Karatasi inasema salama, kumbe figo zimeshashuka chini ya kiwango cha sisplatini. Huyu hupewa kaboplatini, ambayo kipimo chake hupangwa kwa figo zenyewe: 42 jumlisha 25 ni 67, mara 5, ambayo ni lengo la kiasi cha dawa kwenye damu, unapata miligramu 335. Nendeni na uzito wa wiki hiyo hiyo, msibebe wa mwaka jana, kwani hesabu yote imesimama juu yake.

Kwa mtu aliyekulia Pemba ningeongeza kipimo kimoja ambacho hospitali ya mbali inaweza isikifikirie: ultrasaundi ya figo na kibofu. Kichocho cha utotoni, hata kama mkojo wa damu uliisha miaka 50 iliyopita, huweza kuacha makovu yanayobana mirija ya mkojo, na figo zikavimba kimya kimya. Kipimo hiki ni cha bei nafuu na kinafaa kifanyike kabla ya kuvuka.

La pili la kwetu ni minyoo aina ya strongiloidi. Huingia kwa ngozi ya mguu pekupeku kwenye udongo wenye unyevu, na tofauti na minyoo mingine, huzaliana ndani ya mtu huyo huyo kwa miongo. Mwenye nayo anaweza asijue kitu. Lakini dripu za saratani huambatana na deksamethasoni ya kuzuia kutapika na mzio, na mionzi ikiwasha pafu hutolewa predinisoloni kwa wiki kadhaa. Dawa za jamii hii zikilegeza kinga, minyoo hufumuka, hupenya utumbo ikibeba bakteria kwenye damu, na mgonjwa hufa haraka huku watu wakisema dawa za saratani zimemuua. Kipimo cha kawaida cha choo huikosa mara nyingi, na dozi moja ya albendazoli kama wanayopewa watoto skuli haitoshi. Dawa yake ni ivermektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya mwili, yaani kama miligramu 10 kwa kilo 52. Muulizeni daktari kwa jina, na itolewe kabla ya deksamethasoni ya kwanza.

Tukija kwenye sukari: deksamethasoni hiyo hiyo huipandisha, na ina saa zake. Akipewa asubuhi, sukari huanza kupanda mchana na kufika juu kabisa alasiri mpaka usiku, halafu alfajiri inashuka. Familia nyingi hupima asubuhi kabla ya kula, zikaona 7, zikatulia, wakati saa kumi na moja jioni ilikuwa 19. Siku ya dripu na siku tatu zinazofuata pimeni saa mbili baada ya chakula cha mchana na tena kabla ya chakula cha usiku, mkaandike. Lengo la kuridhisha ni baina ya 6 na 10. Ikipita 15 mara mbili mfululizo, pigeni simu kliniki, kwani huenda akahitaji insulini kwa siku chache. Sukari ya juu hukausha maji mwilini, hulemea figo na kukaribisha maambukizi, na maambukizi ndiyo yanayoahirisha dripu ya pili.

Kuna na hatari ya upande wa pili. Akitapika au asipokula, vidonge kama glibenklamidi huendelea kushusha sukari kwa saa nyingi, na kwa mzee mwenye figo dhaifu inaweza kuchukua siku nzima. Mwombeni daktari ambadilishie kabla ya safari. Metformini nayo isimamishwe akitapika sana au akiharisha, na kabla ya picha ya CT inayopigwa kwa dawa ya mshipani ulizeni kama figo zake zinairuhusu. Sukari ikishuka chini ya 4: vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye maji, pimeni tena baada ya dakika 15, kisha ale.

Na tafadhalini, msimnyime chakula kwa jina la sukari. Hili linatokea kwenye nyumba nyingi zenye mapenzi ya kweli: mzee anakonda, na bado anakatazwa mbatata, ndizi na uji. Kupungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 ni dalili mbaya kwa mgonjwa wa saratani ya pafu, na mwili uliokonda huvumilia dripu vibaya. Ale samaki, mayai, maharage na tui, na wanga wake kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku. Dawa za sukari ndizo zipangwe kukifuata chakula. Mionzi ikimuunguza koo, uji mzito wenye maziwa na samaki aliyepondwa hupita pale ambapo wali haupiti.

Kifua kinacholia kwa mvutaji wa miaka mingi, watu hukiita pumu ya uzeeni. Mara nyingi ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, na wengi wenye saratani ya pafu wanao bila kuambiwa. Daktari wa mionzi anahitaji kujua kiasi cha pafu zima kilichobaki, kwa hiyo apulizishwe kwenye kipimo cha pumzi kabla ya kuanza. Makovu ya kifua kikuu nayo huhesabiwa hapa, kwani ni sehemu ya pafu isiyofanya kazi. Akipewa salbutamoli ya kupuliza, wazee wengi huipuliza ikaishia kooni. Chukueni chupa ya plastiki ya nusu lita, safi na kavu, mtoboe kitako chake tundu la kukaza mdomo wa kipulizio, na afunge midomo yake kwenye mdomo wa chupa. Chupa mpya ipulizieni kwanza mara kadhaa bila mtu. Kisha pulizo moja, avute pumzi tano au sita taratibu, ndipo pulizo la pili. Dawa inafika chini kweli. Na akiwekewa oksijeni hospitali, kumbusheni kuwa ana ugonjwa huu: kwake lengo ni asilimia 88 hadi 92, na kumfikisha 100 kunaweza kumlewesha hewa chafu.

Zile sigara moja moja ziishe leo. Huko Moscow wagonjwa 517 wa madaraja ya mwanzo mpaka la tatu A, waliokuwa wakivuta siku ya kugunduliwa, walifuatiliwa. Walioacha waliishi miaka 6.6 kwa wastani wa katikati, walioendelea 4.8. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Ni vidonge vichache sana vya saratani vinavyoweza kudai tofauti kama hiyo, na hii haina gharama. Moshi wa jikoni wa kuni na makumbi nao asikae nao.

Kuhusu kifua kikuu kilichopona, hatari yake kubwa ni kuwapoteza njia mbele. Mionzi huweza kuwasha pafu, kwa kawaida wiki 4 hadi 12 baada ya kumaliza: kikohozi kikavu, pumzi fupi, homa ndogo. Mtu akisikia historia yake atasema kifua kikuu kimerudi, na aanzishiwe dawa za miezi 6. Dai makohozi yapimwe kwa mashine ya GeneXpert kwanza, na daktari wa mionzi apigiwe simu, kwa sababu pafu lililowashwa hutibiwa kwa predinisoloni. Ikithibitika ni kifua kikuu kweli, kitibiwe bila kusita, lakini mjue rifampisini huvunja nguvu ya dawa nyingi, ikiwemo deksamethasoni, morfini na vidonge vya saratani vinavyolenga jeni. Kila daktari aambiwe.

Presha yenyewe hainisumbui sana. Kinachonisumbua ni vidonge vyake kwa mtu aliyebadilika. Aliyepungua kilo 10 hahitaji dozi ile ile, na akitapika siku mbili huku anameza losatani na kidonge cha kukojoza, figo hukauka. Akiongezewa diklofenaki ya dukani kwa maumivu ya ubavu, ndipo figo hugoma kabisa. Diklofenaki na ibuprofeni ziondoke nyumbani. Presha ikisoma chini ya 100 kwa namba ya juu na anapata kizunguzungu akisimama, muone daktari apunguze dawa. Akivimba miguu yote miwili na kushindwa kulala bila mito, apimwe moyo kwa ekokadiografia kabla ya maji ya dripu. Akivimba mguu mmoja tu, huenda ni damu iliyoganda, jambo la kawaida katika saratani hii, na ni la hospitali siku hiyo hiyo.

Mionzi ya daraja hili huchukua kama wiki 6, siku 5 kwa wiki, na kila siku inayorukwa huupa uvimbe nafasi. Wapo wa Visiwani wanaokatiza kwa sababu dawa za sukari au presha zimekwisha ugenini, au sukari imepanda wakapanda boti kurudi. Bebeni dawa za miezi miwili, mashine ya sukari na vijiti vyake, na barua ya kliniki yake ya Pemba yenye majina ya dawa zote na dozi. Akirudi nyumbani baina ya dripu, siku ya 7 mpaka ya 14 chembe nyeupe huwa chini kabisa. Homa ya 38 katika siku hizo ni hospitali saa ile ile, hata usiku wa manane, na mwambieni wa zamu kuwa yuko kwenye dawa za saratani. Siku hizo asipigwe chuku. Na Ramadhani ikiingia katikati, kwa upande wa tiba sisplatini na kufunga havipatani: figo zinahitaji maji mchana kutwa.

Kaka yako naye ana haki ya jambo moja. Ikiwa baba atashuka kwenye ngazi ya tatu ya ECOG na asipande hata baada ya sukari, figo na kifua kutengenezwa, kusimamisha dripu ni uamuzi wa kitabibu wenye heshima, na bado kuna kazi kubwa ya kumtuliza. Kazi hiyo isingoje mwisho. Mwaka 2010 huko Boston wagonjwa 151 wenye saratani ya pafu iliyosambaa waligawanywa. Waliopewa huduma ya kutuliza mapema pamoja na matibabu waliishi miezi 11.6, na wenzao 8.9, na waliishi bila majonzi mengi kama ya wenzao. Ombeni huduma hiyo kuanzia sasa, iende pamoja na dripu. Ikifika wakati wa morfini ya maji, kwa maumivu au kwa pumzi, figo zinarudi tena kwenye hesabu: zikiwa dhaifu morfini hukusanyika mwilini, kwa hiyo huanzwa kidogo na kwa nafasi ndefu zaidi. Mkiona anasinzia kuliko kawaida na mikono inashtuka shtuka, mwambieni daktari kabla ya dozi inayofuata. Wakati huo sukari nayo iachiwe nafasi, baina ya 6 na 15 inatosha, apunguziwe kuchomwa vidole na ale anachokitamani.